Mwanamume wa Nyumba ya Kipkemei

Kogo alipokufa, kaburi halijaota hata nyasi, Hezekiah akaja na kamba ya kupimia shamba.

Huyu Hezekiah ni mtoto wa ndugu ya Kipkemei. Kipkemei naye alikuwa bwana ya Kogo zamani sana, kabla mimi sijazaliwa, kabla hata mama yangu hajafika hiyo nyumba. Wacha nieleze vizuri, kwa sababu hata huko shule ilinishinda kueleza. Kipkemei alikufa akamwacha Kogo bila mtoto. Jina la Kogo lilikuwa Jepkosgei, lakini mimi nilimwita Kogo, yaani nyanya. Sasa kwetu, mwanamke kama huyo, ana ng'ombe, ana shamba, hana mtoto wa kiume, akitaka anaoa. Anatoa mahari, anaoa msichana, na watoto wa huyo msichana wanakuwa wa nyumba yake. Kogo alimuoa mama yangu, Chepchirchir. Na kutoka siku hiyo Kogo akawa mwanamume.

Si mchezo, hapana. Aliacha kupika. Aliacha kubeba maji. Alikuwa na kigoda chake na fimbo yake, na wazee wakikaa kunywa pombe, yeye alikaa nao na mrija wake. Kuna siku msichana wa jirani alimpa sufuria ashike kidogo, Kogo akarudi nyuma kama mtu ameonyeshwa nyoka. Sufuria ikaanguka, uji ukamwagika, na Kogo akaangalia milima tu.

Aliyenizaa mimi ni mtu fulani wa upande wa Solai. Jina lake halisemwi kwetu. Si ati tunamchukia. Ni kwamba akitajwa ndani ya nyumba atakuwa ameingia, na Kogo alishafunga mlango. Kule misheni mwalimu alipouliza jina la baba, niliandikwa Micah arap Kipkemei, yaani mwana wa Kipkemei, akafunga kitabu, mambo ikaisha.

Basi Hezekiah akafika. Ni mzee wa kanisa, viatu vyake vinang'aa hata wakati wa matope, sijui anafanyaje. Aliweka kamba yake chini, akamwambia mama, "Chepchirchir, mimi sikufukuzi. Lakini hii nyumba haina mtu. Ndugu ya baba yangu alikufa bila mtoto. Huyu kijana ana baba yake huko Solai. Si aende kwao?"

Mama alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka. "Korti ilishasema."

"Korti gani?"

"Ya wazee, huko Ravine. Wakati wa vita ya Hitler. Yule wa Solai alitaka kuchukua Micah, bado mgongoni kwangu, Kogo akamshtaki."

"Karatasi iko wapi?"

"Mchwa walikula."

"Basi mchwa ndio mashahidi wako." Akacheka kidogo, bila ubaya, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. "Wiki ijayo, siku ya dipu, kokwet itakaa. Ukipata karatasi, lete. Ukipata mchwa, lete pia."

Kokwet ni baraza ya wazee wa mtaa wetu, hukaa siku ng'ombe wakiogeshwa dawa ya kupe. Wakisema shamba ni la Hezekiah, sisi tunafunga mizigo. Mama hana kwingine. Kwao walishakula ng'ombe za mahari zamani, na mwanamke harudi na mtoto mwenye ndevu.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane mwaka huo, hamsini na saba ikiisha. Nafasi ya sekondari sikupata. Kukaa nyumbani kuchunga ng'ombe na cheti mfukoni kulinishinda, miguu ilikuwa inaniwasha kila asubuhi. Nilitaka reli. Nilisikia Nakuru wanaandika vijana wanaojua kusoma. Kwa hivyo nilipomwambia mama, "Mimi nitaenda kutafuta hiyo karatasi," nusu ya roho yangu ilikuwa tayari imepanda treni. Nafikiri alijua. Alinifungia viazi vya kuchemsha kwa kitambaa, akasema tu, "Ukifika huko, simama wima. Kogo hakuinama kwa hiyo korti."

Ravine niliambiwa na askari wa korti kwamba kesi za zamani, zile za kabla korti haijapangwa upya, zilibebwa zote zikapelekwa Nakuru. Nikarudi barabarani, nikapata lori ya mbao kutoka Maji Mazuri, nikakaa juu ya mbao na kuku wa watu. Kwa roadblock askari alitushusha, siku hizo ilikuwa bado Emajensi, ile hali ya hatari, akaangalia kipande cha kila mtu kama anatafuta chawa. Jioni nikalala kwa mtu wa kwetu anayefanya kazi ya bohari, na asubuhi nikaenda maofisi.

Karani wa hizo kesi aliitwa Khisa, mtu wa upande wa Kitosh, mnene, tai yake imefungwa fupi, na njugu kwa mfuko wa koti. Nilimwambia shida yangu. Akanitazama viatu kwanza.

"Ravine," akasema. "Nyinyi watu wa huko mnashtakiana nini? Mawe?"

"Watoto, mzee."

"Afadhali. Ya mawe inachukua siku nyingi." Akachukua ufunguo. "Kuja."

Sijui niliwaza nitaona nini. Labda kabati. Khisa alifungua mlango nyuma ya ofisi, akafungua dirisha moja la mbao, na mwanga ukaingia pole pole, na mimi nikasimama hapo kwa kizingiti nikashindwa kuweka mguu ndani. Chumba chote, kutoka sakafu mpaka mabati, kilikuwa ni karatasi. Bunda juu ya bunda, zimefungwa na kamba ya mkonge, zimepauka kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Naivasha, Molo, Rongai, Solai, Ravine. Kila bunda ni watu wamekasirika. Wanawake waliotoroka, mahari iliyokataliwa, watoto waliovutwa mkono huku na huku, wazee waliolia mbele ya watu. Na hapo ndani hakuna sauti. Hata kanisani sijawahi kusikia kimya ya namna hiyo. Nilivua kofia. Sikuambiwa.

"Wote huanza hivyo," Khisa akasema. "Halafu wanaanza kupiga chafya. Jina?"

"Kipkemei."

Hawa kina Kipkemei wamejaa kama kunde. Kulikuwa na Kipkemei wa mbuzi, Kipkemei aliyempiga jirani yake na jembe, Kipkemei aliyekimbiwa na bibi wawili siku moja. Tulipekua asubuhi yote. Hakuna wetu.

"Huyu wako alikuwa anaishi wapi wakati wa kesi?" Khisa akauliza, mgongo ukimuuma.

"Alikuwa amekufa."

Akanyoosha mgongo. "Ulijua amekufa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na unamtafuta kortini."

"Ndivyo nimezoea kuandika."

Khisa akakaa chini juu ya bunda la Molo. "Sawa. Na yule mtu mwingine wa kesi, jina lake nani?"

"Sijui. Halisemwi."

"Hata mama yako hawezi kusema?"

"Hata yeye."

Akatoa njugu, akaziangalia, akazirudisha mfukoni. "Kijana. Unataka nikutafutie kesi ya mtu aliyekufa na mtu asiyetajwa. Nimefanya hii kazi tangu nikiwa na nywele. Hakuna aliyekuwa hai katika hiyo kesi yenu?"

"Alikuwako Kogo. Jepkosgei."

"Ungesema mapema." Akaenda kona ya mbali. Huko ndiko walikuwa wameweka kesi za wanawake, bunda zao peke yao, mwanamke na chini yake jina la bwana. Jepkosgei aliyepigwa. Jepkosgei aliyerudi kwao. Jepkosgei aliyedai mtungi. Tulimaliza kona yote, na vumbi ikatufanya weupe kama Wazungu. Hakuna. Saa ya chakula ikafika, Khisa akafunga mlango, akaniambia, "Pengine hiyo nayo mchwa walikula. Pole."

Nilikaa nje kwa ngazi na kiazi changu cha mwisho. Kutoka hapo unasikia reli. Injini ilikuwa inabadilisha mabehewa, inagonga, inapumua, inagonga tena, na moshi unapanda juu ya paa za maduka ya Wahindi. Ningeweza kusimama nikaenda tu. Cheti kilikuwa kwa mfuko wa shati. Mama angeambiwa haikuonekana, na hiyo ingekuwa kweli.

Lakini hicho kiazi kilikuwa kimepikwa kwa sufuria, na sufuria ikanikumbusha ule uji ukimwagika. Nikamwona Kogo akirudi nyuma. Mtu ambaye hakukubali kushika sufuria ya uji hata dakika moja, sisi tumeshinda tukimtafuta kwa kona ya wanawake. Angekuja huko kufanya nini? Angesema mimi sikai hapo.

Khisa aliporudi alinikuta mlangoni.

"Mzee, tulimtafuta mahali si pake. Hakuwa mwanamke."

"Jepkosgei?"

"Alikuwa baba yangu."

Maisha yangu yote sikuwa nimeyasema hayo maneno. Yalitoka makavu. Nilingoja acheke, kwa sababu misheni wangecheka mpaka Jumapili. Khisa akanitazama usoni, si viatu, na akatafuna njugu yake mpaka ikaisha.

"Kwetu sijasikia hiyo," akasema. "Lakini huyu karani wa zamani, aliyeandika za Ravine, alikuwa mtu wa huko kwenu. Yeye angejua amweke wapi."

Akaenda kwa wanaume, ile safu ya mbele, karibu na dirisha, na hakutafuta sana. Akavuta bunda, akapuliza, akafungua kamba. Akanionyesha bila kusema. Wino ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Mdai: Jepkosgei, mwanamume, wa nyumba ya Kipkemei.

Nikaisoma mara ya pili.

"Sasa sikiliza vile tunafanya," Khisa akasema. "Mashine ya kupiga chapa ni ya barua za wakubwa. Wewe si umesoma? Utakaa hapa, utaiandika yote kwa mkono wako. Halafu utanisomea kwa sauti, na mimi nitafuata ile ya asili kwa kidole. Ukiruka neno, unaanza upya. Tukienda sawa mpaka mwisho, ndio napiga muhuri."

Akanipa kalamu, wino, na karatasi ndefu. Nikaanza, nikifikiri ni kazi kama ya shule, kunakili tu.

Kumbe haiandikwi hivyo. Huyo karani wa zamani alikuwa anaandika vile mtu anasema, kama anasema mwenyewe. Kwa hivyo neno la kwanza niliandika, kwa mkono wangu, lilikuwa "Mimi".

Mimi naitwa Jepkosgei. Mimi ni mwanamume wa nyumba ya Kipkemei. Nilikuwa mwanamke, nikaacha. Nilitoa ng'ombe kwa huyu Chepchirchir mbele ya watu, tukapakwa mafuta pamoja, na tangu siku hiyo sijabeba maji. Huyu mtu anasema yeye alizaa mtoto. Sikatai. Mvua inanyesha kwa shamba langu kila mwaka, na sijaiona ikija kudai mahindi.

Kalamu ilisimama. Nilimsikia. Si ati nilikumbuka sauti yake, nilimsikia, vile alikuwa akivuta maneno kama mtu anavuta ng'ombe mkaidi. Tangu azikwe nilikuwa nimeanza kusahau, nilikuwa naona uso bila sauti. Na sasa sauti imetoka kwa karatasi iliyokuwa imelala gizani tangu mimi ni mtoto, ikangoja tu, haikuchoka.

Chini korti ilimuuliza. Hizo nazo niliandika.

Korti: Wewe una mwili wa mwanamke. Utaitwa baba namna gani?

Jibu: Niulizeni fisi akija zizini nani anatoka nje na mkuki. Ni mimi. Niulizeni ng'ombe wa nyumba hiyo akila shamba la mtu, nani anaitwa. Ni mimi. Nani atajibu mtoto huyu akikosea? Ni mimi. Huyu mtu wa Solai hajaitwa hata siku moja.

Hapo karani wa zamani alikuwa ameweka mstari mdogo, maneno yake mwenyewe, maandishi membamba: Mtoto alilia sana. Mdai akamtoa kwa mama yake akamshika. Akanyamaza. Kesi ikaendelea.

Huyo mtoto ni mimi. Nilikaa na hiyo mistari sijui muda gani. Mtu ana mambo yake ambayo hayakumbuki na hakuna anayeweza kumwambia, na kumbe kuna mtu alikaa hapo na kalamu, mtu hata simjui, akaona ni lazima iandikwe. Nililia, nikanyamaza, kesi ikaendelea.

Chini kabisa ni hukumu. Mtoto ni wa nyumba ya Jepkosgei. Anayemwita Jepkosgei mwanamke kwa ajili ya kuchukua mtoto huyu au mali yake, korti haitamsikia. Alama za vidole za wazee, na alama ya Kogo, kubwa kuliko za wengine, imekandamizwa mpaka karatasi imebonyea. Niliweka kidole changu juu yake. Khisa aliona, akageuka kutazama dirisha.

Kisha nikasimama kusoma. Nakumbuka mama aliniambia nisimame wima, na nikasimama. Khisa akaweka kidole kwa neno la kwanza. Nikasoma "Mimi naitwa Jepkosgei", na sauti yangu ikavunjika kwa "sijabeba maji".

"Umeruka neno," Khisa akasema taratibu. "Anza upya."

Sikuwa nimeruka. Nilijua, naye alijua. Alinipa tu nafasi. Nikaanza upya, na mara hii tulienda mimi na kidole chake mpaka mwisho, na muhuri ukalia mezani.

"Salimia huyo baba yako," akasema akifungua mlango.

"Amekufa, mzee."

"Nyinyi watu wa Ravine," Khisa akasema.

Siku ya dipu ng'ombe wa mtaa wote walikuwa wamejaa, harufu ya dawa kila mahali, na wazee wamekaa upande wa juu kwenye magogo. Mkubwa wao alikuwa mzee Kimaiyo, ambaye hasikii vizuri sikio moja na hulitumia hilo akitaka. Mama alisimama na wanawake kwa ua. Hezekiah alisema yake kwanza, vizuri, bila matusi. Alisema Mungu aliumba mwanamume na mwanamke, na hakuna mahali imeandikwa mmoja anaweza kuhama. Watu wa kanisa wakaitikia kwa kichwa. Nilianza kuogopa.

Kimaiyo akauliza, "Chepchirchir, karatasi ilipatikana?"

Nikaifungua, nikasoma. Nilipofika "nilikuwa mwanamke, nikaacha", mzee mmoja akaguna, "Eeh," vile wazee huguna mwenzao akiongea. Nilipofika mvua na mahindi, wawili wakaguna. Walikuwa hawaniangalii mimi. Walikuwa wanaangalia lile gogo la mwisho upande wa kushoto, mahali Kogo alikuwa akikaa na fimbo yake. Hakuna mtu alikuwa amekalia hilo gogo siku hiyo, na mimi sikuwa nimeona mpaka hapo.

Hezekiah akasimama. "Wazee, hiyo ni hadithi ya zamani, huyu kijana anasoma tu..."

"Kaa chini," Kimaiyo akasema.

"Nasema tu kwamba..."

"Hezekiah. Mwanamume akiongea hakatizwi. Alikuwa anakaa hapa kabla yako. Wacha amalize."

Ng'ombe mmoja aliruka ndani ya dipu, maji yakapiga ukuta. Hezekiah alitazama wazee mmoja mmoja, kisha akatazama gogo. Huyu mtu alikulia karibu na Kogo. Nafikiri yeye pia alimsikia. Alikaa chini, akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

Nikamaliza kusoma. Ile ya mtoto kulia pia niliisoma, ingawa haikuhitajika. Kule kwa ua mama alijifunika mdomo na kitambaa.

Hawakuzungumza sana baada ya hapo. Kimaiyo akasema shamba lina mwenyewe, na mwenyewe ameongea. Hezekiah hakubisha. Akija kuondoka alipita karibu na mimi, akasema bila kunitazama, "Alinibeba mgongoni mara moja, mto ukiwa umejaa. Mwanamke asingeweza ule mto." Akaenda. Ile kamba ya kupimia aliisahau kwetu, na sisi tunafungia ndama.

Reli bado naitaka. Barua nimeandika, sijapata majibu. Lakini juzi jioni nilikuwa nimelala chali uani, nasikiliza miguu yangu ikiwasha, mtoto wa jirani akaja mbio, amejaa hasira za kwao. Ng'ombe wetu ameingia kwa maharagwe yao.

"Baba anasema aitwe mwenye nyumba," akasema.

Mama alikuwa mlangoni na sufuria. Nikainuka, nikatoa fimbo ya Kogo pale ilipokuwa imechomekwa kwa paa, nikamfuata yule mtoto.